Pindo Lisiloshonwa

Nilipopata oda yangu ya kwanza kubwa, kadi 120 za harusi, nilizipeleka karatasi zangu za mkono mjini kwa kijana mwenye mashine ya chapa. Nilimwachia mzigo asubuhi. Niliporudi saa nane alinipokea kwa uso mkunjufu: "Mama, nimekusaidia. Zilikuwa zimechanikachanika pembeni, nimezinyoosha zote." Alikuwa amezikata kwa mashine upande kwa upande, zimekaa mezani kama tofali. Chini ya meza palikuwa na ndoo imejaa vipande vyembamba vyekundu. Kazi yangu ya miezi miwili ilikuwa mle ndooni.

Sikumgombeza. Alifanya kama angefanya yeyote aliyekalia dawati la shule hapa Kenya, kwa sababu karatasi tuliyokua nayo ni ile iliyonyooka. Nilimlipa, nikabeba kadi, nikabeba na ndoo. Ile safari ya matatu kurudi Mtito Andei ndiyo iliyonifanya nianze kutafuta habari za ukingo wa karatasi: ulitoka wapi, na nani aliukata kwanza.

Mimi huuita pindo. Kanga ina mji, ina jina, na pindo limezunguka vyote. Mji wa karatasi yangu una rangi ya uji wa mtama, jina ataliandika mnunuzi, na pindo ni jekundu, lenye manyoya, mahali pengine nene na mahali pengine jembamba hadi mwanga unapita. Tofauti ni kwamba pindo la kanga hukunjwa likashonwa lisifumuke. Hili langu halijapata kuona sindano.

Huzaliwa hivi. Nina fremu mbili za mbao zinazolingana. Ya chini imewambwa wavu, ule wa dirisha wa kuzuia mbu. Ya juu ni tupu. Nazishika pamoja, nazizamisha katika karai la uji wa nyuzi, nazinyanyua zikiwa sawasawa, kisha natikisa mara moja mbele na nyuma, mara moja kushoto na kulia, ili nyuzi zishikane kabla maji hayajaisha kuchuruzika. Fremu ya juu huzuia uji usimwagike, lakini haizuii wote. Kidogo hupenya chini yake na kutambaa nje. Ninapoiondoa, kile kilichopenya hubaki kama ndevu. Waingereza wana jina la fremu hii, nalo limetoka katika neno la Kijerumani lenye maana ya kifuniko. Kwa hiyo pindo ni alama ya kifuniko kilichovuja.

Wachina wanahesabu mwanzo wa kazi hii tangu Cai Lun alipomwonyesha mfalme wao karatasi mwaka 105. Katika karne ya 8 ilikuwa imefika Samarkand, kisha Baghdad, na katika karne ya 13 Waitalia wa Fabriano walikuwa wakiifanya kwa mitambo ya kutwanga inayoendeshwa na maji. Waarabu waliipaka wanga, wakaisugua kwa jiwe mpaka ikang'aa, kalamu ya mwanzi isikwame. Mimi pia hupaka wanga, wa muhogo, la sivyo wino husambaa kama maji juu ya vumbi. Pwani yetu ilipokea karatasi mapema, ikiwa bidhaa ya jahazini. Misahafu ya mji wa pwani wa Siyu, iliyopambwa kwa wino mwekundu, mweusi na wa manjano, iliandikwa juu ya karatasi za Ulaya. Mikono ya Siyu ilijua kupamba ukurasa kupita kiasi, ila ukurasa wenyewe ulitoka ng'ambo.

Muda wote huo, karne kumi na saba, karatasi ilitoka majini ikiwa na kingo zisizonyooka. Mafundi wengi waliona ni kasoro, na wajalidi walizikata. Lakini kabla ya kukatwa, zilikuwepo. Mwaka 1799 Mfaransa Louis-Nicolas Robert alipata hati ya kumiliki mashine iliyotoa karatasi mfululizo, kama kitambaa kinavyotoka kwenye kitanda cha mfumi. Baadaye Waingereza waliiendeleza. Karatasi ikawa jora refu la kukatwa kwa kisu, na pindo likaondoka duniani karibu kimyakimya. Lilirudi kwa mlango wa matajiri: William Morris, alipofungua kiwanda chake kidogo cha chapa huko London mwaka 1891, aliagiza karatasi ya mkono kutoka Kent, na wapenda vitabu wakaanza kulipia kingo ambazo babu zao walizitupa.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Sisi wa bara hatukuipata ile hatua ya kwanza. Karatasi ilipofika Ukambani ilikuwa imeshakatwa.

Mtito Andei, kwa Kikamba, ni msitu wa tumbusi. Reli ilipita hapa mwaka 1898, mwaka uleule simba walipokuwa wakila wafanyakazi kule Tsavo, na nyuma ya reli yakaja makaratasi: tiketi, risiti za kodi, barua za bwana shauri. Karatasi ambayo babu yangu mzaa baba aliijua kuliko zote ilikuwa kipande. Sheria ilitungwa 1915, ikaanza kutumika vita vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, na ndani yake mwajiri anaandika siku alipomwandika na siku alipomwachilia. Ilitiwa katika kikebe cha bati na kuvaliwa shingoni kwa kamba. Wagikuyu walikiita kengele ya mbuzi. Mwanaharakati Harry Thuku alipokipinga kipande alikamatwa, na Machi 1922 watu waliokwenda kudai aachiliwe walipigwa risasi pale Nairobi. Babu alikivaa akikata mkonge upande wa Thika. Mtu akiondoka shambani kabla hajatiwa sahihi, alikuwa mhalifu.

Naye mkonge ni mgeni kama kile kipande. Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na mwaka 1893 iliyofika hai kwenye pwani ya Tanganyika ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo ilienea Tanga, ikavuka mpaka, ikafika Thika, Voi na Kibwezi. Ukipita barabara ya Mombasa leo utaona mistari yake mirefu ya kijani-kijivu pale Kibwezi. Sisi wenye mashamba madogo tuliupanda mpakani, kwa sababu ng'ombe hawaupendi na ukame hauuwezi. Susu yangu, yaani bibi, aliukwangua kwa vipande viwili vya chuma, akasokota kamba juu ya paja, akasuka kikapu cha kyondo. Kabla ya mkonge, aliniambia, mama yake alitumia nyuzi za gome la mbuyu.

Katika kila kilo 100 za majani ya mkonge, katani haizidi kilo tano. Na katika hiyo katani yenyewe, msukaji hutupa mabaki mafupi yasiyosokoteka. Mabaki hayo ndiyo ninayoyataka mimi. Nayakata yawe na urefu wa pingili ya kidole, nayaloweka usiku kucha, nayachemsha kwa magadi tangu asubuhi hadi alasiri, nayaosha mpaka maji yaache kuteleza vidoleni, kisha nayatwanga kwa kinu na mchi. Kutwanga ndiko kazi. Ukitwanga kidogo karatasi itakuwa na mabonge. Ukizidisha itakuwa laini na nzuri, lakini pindo litakufa, kwa sababu nyuzi fupi mno hazina cha kuning'inia. Sikio langu linajua siku hizi: mchi ukianza kutoa sauti ya kupiga ugali badala ya kupiga mahindi, naacha.

Nusu nyingine ya nyuzi zangu hutoka kwa jirani zetu wa ng'ambo ya reli.

Tsavo ilitangazwa hifadhi mwaka 1948, na lango la Tsavo Magharibi liko hapa hapa mjini. Tembo mzima anaweza kula kilo 150 kwa siku, na zaidi ya nusu hutoka bila kusagika tumboni, nyuzi zikiwa nzima. Amekwisha kunifanyia kazi ya kwanza. Mavi makavu ya tembo hayanuki. Yana harufu ya nyasi zilizolala juani. Nayachemsha kwa muda wa saa nne, nayaosha, kinachobaki ni nyuzi tupu. Wakati wa mvua tembo anakula majani mabichi na karatasi inakuwa nyororo, ya kijani hafifu. Wakati wa kiangazi anachuna magome, na karatasi inatoka na vibanzi vya kahawia vinavyoonekana kwa macho. Nikishika karatasi yangu ya zamani najua ilikuwa mwezi gani.

Watu wengine walilijua hili kabla yangu. Kule Kwale, wakulima wa Golini na Mwaluganje walitoa mashamba yao kwa ajili ya njia ya tembo katika miaka ya 1990, na karatasi za mavi ya tembo zikawa moja ya bidhaa zao. Iringa, mwaka 2003, Neema Crafts ilianza na vijana watatu viziwi na karatasi ya namna hiyohiyo. Leo ni karakana kubwa ya watu wenye ulemavu. Karatasi yao niliishika mara ya kwanza mikononi mwa mgeni aliyeshuka basi hapa kula chakula cha mchana. Nilimwomba aniachie bahasha, akaniachia. Niliigeuza usiku mzima kwenye mwanga wa taa.

Lakini naomba msomaji asidhani kwamba karatasi imetupatanisha na tembo. Usiku mmoja wa Januari waliingia kwangu, wakamaliza mahindi, kunde na mbaazi, wakavunja tangi la maji. Mwanamke wa kijiji cha pili alizika mume. Nawaheshimu wanyama hawa: wakati wa ukame wa 1970 na 1971 walikufa kwa maelfu, majangili wakafuata, na hesabu ya 1988 ilikuta zaidi kidogo ya 5,000 katika eneo lote la Tsavo, na mwaka 2021 walihesabiwa zaidi ya 14,000. Nafurahi wapo. Hata hivyo bei ya karatasi haifidii shamba, na anayewaambia wageni kwamba inafidia anawadanganya.

Kukamua maji kulinisumbua sana mwanzoni. Mawe hayatoshi, karatasi iliyokamuliwa vibaya hujikunja kama jani la mgomba. Suluhisho lilitoka barabarani. Mji huu ni wa malori, uko katikati ya Nairobi na Mombasa, na fundi wa magurudumu aliniuzia jeki kuukuu ya lori. Niliiweka chini ya fremu ya chuma, karatasi 30 zikiwa zimetenganishwa na vipande vya blanketi. Nikipiga jeki, maji hutoka kama ng'ombe anayekamuliwa. Baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 2017, vijana kadhaa walikuja kujifunza wakidhani tutatengeneza mifuko ya karatasi. Haiwezekani kushindana na mifuko ya kiwandani kwa mkono. Wawili walibaki, kwa sababu waliipenda kazi yenyewe.

Sasa rangi. Nilianza kwa manjano ya jikoni, na kadi zangu za kwanza ziliungua na jua, zikabaki na pindo la rangi ya jino. Nikajaribu misumari yenye kutu iliyolowekwa pamoja na magome ya mgunga: inatoa weusi mzito usiofutika, lakini watu hawataki kadi ya harusi yenye mpaka mweusi. Akina mama wa kyondo walinipa unga wa rangi wanaonunua sokoni. Unang'aa, ila hupanda kutoka ukingoni hadi katikati kama maji yanavyopanda kitambaani, na pindo linameza mji.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye miguu yangu. Tembo wa Tsavo ni wekundu kwa udongo wanaojirushia, na udongo huo haupauki kwa jua, kwa kuwa jua limeshaumaliza zamani. Nauchekecha mara tatu kwa kitambaa cha kanga, nauchanganya na uji kidogo wa katani katika chupa yenye kifuniko kilichotobolewa, halafu naupitisha pembeni mwa karatasi ingali juu ya wavu, majimaji. Nyuzi nyekundu na nyuzi za mji hushikana hapo. Zikikauka huwezi kuzitenganisha bila kuchana. Nahitaji kipimo kimoja cha udongo kwa karatasi kumi, kisizidi, la sivyo pindo linakuwa vumbi vidoleni.

Kipimo ninachotumia ni kikebe cha babu. Alipokufa tulikikuta kwenye sanduku lake, karatasi imeliwa na mchwa, bati zima, matundu mawili ya kamba yamelainika kwa miaka ya kusuguana na shingo. Kilikaa kabatini miaka mingi na hakuna aliyejua kifanywe nini. Kinaingia udongo sawasawa kwa karatasi kumi.

Zile taka za ndooni, vipande vyekundu nilivyorudi navyo kutoka mjini, nilivirudisha majini wiki ileile. Zilitoka karatasi tisa nyekundu tupu, pindo mpaka katikati. Sijaziuza.