Kisima cha Uani na Hatari Inayohamia kwa Jirani

Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi jijini Dar es Salaam umetawaliwa na mafuriko ya bonde la Msimbazi. Haishangazi: mvua za Desemba 2011 ziliua watu zaidi ya 40, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Lakini huko pembezoni kuna hatari nyingine, isiyoonekana kwenye picha za magazeti. Imo ndani ya visima.

Jiji hutegemea zaidi maji ya mto Ruvu. Ukame wa 1997 ulipoyapunguza, visima vilichimbwa kwa wingi, na tangu hapo kuchimba kisima kumekuwa sehemu ya kujenga nyumba. DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilipotangaza mgao wa maji Oktoba 2022, mwenye kisima aliwasha pampu. Asiye nacho alisubiri madumu ya mkokoteni. Taarifa za miradi humhesabu huyo wa kwanza kuwa mstahimilivu. Mimi nasema sehemu ya unafuu wake inalipwa na jirani.

Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi. Kanuni inayojulikana kwa wanahaidrolojia inakadiria kuwa usawa wa maji baridi ukishuka mita 1, mpaka wa chumvi hupanda kama mita 40. Kwa hiyo pampu kumi za mtaa mmoja, kila moja ikivuta kidogo, zinaweza kuivuta bahari kwa pamoja. Usawa wa bahari unapanda, mvua hazitabiriki, na uani tunamwaga zege pale maji yalipokuwa yakizama. Matokeo yake wenye nyumba wanayajua: sabuni haitoi povu, koki inaliwa na kutu, mchicha unanyauka. Maji ya kisima yanabaki ya kudekia, na ya chai yananunuliwa kwa dumu. Mwenye fedha huchimba zaidi au huagiza boza. Mpangaji wa chumba kimoja hana njia hizo, ingawa chumvi hiyo hakuileta yeye.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 ipo, na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu ina mamlaka juu ya vibali. Tatizo ni kwamba usimamizi wa bonde zima hauwezi kufika kila ua. Kupiga marufuku visima kungekuwa dhuluma, maana wengi walichimba kwa sababu bomba halikuwafikia. Mradi wa maji wa Kigamboni, uliozinduliwa Novemba 2022, unaonyesha kuwa maji ya ardhini yanaweza kuvutwa kwa mpango na kugawiwa kwa umma.

Mfano wa kuanzia tunao. Kuanzia 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walichora mitaro na maeneo ya mafuriko kupitia mradi wa Ramani Huria. Visima navyo vichorwe hivyo hivyo, kila serikali ya mtaa ikiwa na daftari la kina na chumvi, vikipimwa kiangazi na masika, na Bodi ya Bonde ilazimike kulisoma kabla ya kutoa kibali kipya mtaani humo. Bomba nalo lianzie mitaa ambayo daftari linaonyesha chumvi imeshapanda, hata kama wateja wake ni wapangaji wa chumba kimoja.