Kutoka Geduld hadi Makutupora

Aprili 1946, katika shamba la Geduld karibu na mji wa Odendaalsrus, Afrika Kusini, wachorongaji walitoa chini ya ardhi kipande cha mwamba chenye dhahabu nyingi mno. Habari zilipofika Johannesburg, soko la hisa lilipandwa na wazimu. Walionunua hisa siku zile hawakuwa wameona mgodi, maana mgodi haukuwepo. Kilichokuwepo ni shimo moja jembamba, lililoshuka mbali chini ya nyasi za malisho. Kwa shimo hilo watu walikadiria utajiri wa eneo zima, wakaweka fedha zao hapo.

Kila shimo linalochorongwa, liwe la dhahabu au la maji, huleta swali hilohilo. Tunajua kilichopo pale tulipotoboa. Hatua mia moja kutoka pale hatujui, na kutoboa tena ni gharama. Namna watu walivyojifunza kulijibu swali hili ni historia iliyoota mizizi yake mikubwa barani Afrika, nami naona inastahili kusimuliwa taratibu kwa Kiswahili.

Miongoni mwa waliolikabili ni Daniel Gerhardus Krige, mhandisi wa migodi aliyezaliwa mwaka 1919 Bothaville, katika jimbo la Free State, ambamo pia limo shamba la Geduld. Alipitia kumbukumbu za migodi ya Witwatersrand, ambako dhahabu ilikuwa ikichimbwa tangu 1886, akalinganisha makadirio ya kabla ya kuchimba na dhahabu iliyopatikana baadaye. Akaona jambo linalojirudia. Vipande vya ardhi vilivyokadiriwa kuwa tajiri sana vilitoa pungufu ya makadirio, na vile vilivyodharauliwa vilitoa zaidi. Hapakuwa na udanganyifu. Sampuli chache zikikupa jibu kubwa mno, sehemu ya ukubwa huo ni bahati ya pale ulipopiga. Zikikupa jibu dogo mno, sehemu ya udogo huo ni mkosi. Katika tasnifu yake ya uzamili, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand mwaka 1951, Krige alitaka sampuli isiaminiwe peke yake. Kila kadirio livutwe kuelekea wastani wa ardhi inayolizunguka, kwa kiasi kinachopatikana kwa hesabu.

Takwimu alizozitumia zilitoka katika migodi iliyochimbwa na vibarua Waafrika kwa mamia ya maelfu, wakiwemo walioandikishwa na WENELA, shirika lililokusanya vibarua wa migodi, kutoka Msumbiji, Nyasaland na kusini mwa Tanganyika. Jasho lao limo ndani ya hesabu hii tangu siku ya kwanza, na kila anayeitumia leo ana deni kwao.

Mfaransa Georges Matheron, aliyekuwa akifanya kazi ya jiolojia Algeria katika miaka ya 1950, aliyasoma maandishi ya Krige na kuyajengea msingi wa hisabati. Mbinu yenyewe akaipa jina la Krige, na leo inajulikana duniani kote kama krigingi. Kiini chake hakimshindi mtu mwenye subira. Chukua mashimo yako yote, yaoanishe mawili mawili, pima umbali kati ya kila jozi na tofauti ya thamani zake. Mashimo ya karibu kwa kawaida hufanana. Kadiri umbali unavyoongezeka ndivyo tofauti inavyokua, mpaka unafika mahali ambapo shimo moja halina tena la kukuambia kuhusu jingine. Mchoro wa uhusiano huo huitwa variogramu, na ukishaupata unajua kila shimo lipewe uzito gani unapokadiria mahali pasipotobolewa. Mashimo matatu yaliyorundikana pamoja hayapewi uzito wa matatu kamili, kama baraza la wazee lisivyowahesabu ndugu watatu waliolala chumba kimoja kuwa mashahidi watatu tofauti.

Hesabu hiyo hukupa kitu kingine pamoja na kadirio, nacho ni kipimo cha shaka. Unapata ramani ya pili, inayoonyesha wapi una ushahidi na wapi unabahatisha. Kwa maoni yangu ramani hiyo ya pili ndiyo zawadi kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba katika ripoti nyingi huachwa nje. Mwenyekiti wa kijiji anayeonyeshwa rangi ya buluu juu ya eneo lake ana haki ya kujua kama chini ya buluu hiyo kuna visima ishirini vilivyopimwa, au kimoja tu kilichoko mbali.

Kwa miaka mingi hesabu hizi zilibaki kwa wenye kompyuta kubwa na fedha za leseni, hasa kampuni za migodi na za mafuta. Mlango wa wengine ulifunguliwa na taasisi ambayo haikutarajiwa: jeshi la Marekani. Kuanzia mwaka 1982 maabara ya jeshi hilo ya utafiti wa ujenzi, iliyoko Champaign, Illinois, iliandika programu ya ramani iitwayo GRASS ili isaidie kutunza mazingira ya maeneo makubwa ya kijeshi. Kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali kuu ya Marekani hazina hakimiliki nchini humo, msimbo wake ulikuwa mali ya umma. Jeshi lilipojitoa katikati ya miaka ya 1990, programu ile ingeweza kufa. Iliokolewa na wanataaluma, kwanza wa Chuo Kikuu cha Baylor kule Texas, kisha kikundi kilichoongozwa na Markus Neteler huko Hannover, Ujerumani. Mwaka 1999 ikawekwa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuisoma na kuibadilisha, kwa sharti kwamba akiisambaza ikiwa na mabadiliko yake, nayo ayaache wazi.

GRASS ilikuwa na nguvu, lakini ilidai mtumiaji aliyezoea kuandika amri. Mwaka 2002 Gary Sherman, mwandishi wa programu aliyekuwa Alaska, alitafuta kitu chepesi cha kutazamia data za ramani kwenye kompyuta ya Linux. Hakuridhika na alichokiona, akaanza kukiandika mwenyewe. Toleo la mwanzo liliweza tu kuonyesha matabaka yaliyohifadhiwa katika PostGIS, hifadhidata huria iliyotolewa mwaka mmoja kabla na kampuni ya Refractions Research ya Kanada. Waandishi wa nchi nyingine wakajiunga naye, na Januari 2009 likatoka toleo la 1.0 la programu tunayoiita QGIS. Zana za GRASS zikapatikana ndani yake, na za programu nyingine iitwayo SAGA pia, ambazo miongoni mwa kazi zake ni krigingi. Toleo la 3.0, la mwaka 2018, likaongeza mwonekano wa pande tatu. Kwa mhandisi wa maji wa wilaya, kikwazo cha leseni kilikuwa kimeondoka. Ilibaki data.

Na data zilikuwepo. Ugogo, katikati ya Tanzania, ni nchi kavu, yenye msimu mmoja wa mvua na miezi mirefu ya jua. Kaskazini mwa mji wa Dodoma, mwendo wa kilomita kama 30, liko bonde la Makutupora, ambako graniti imeoza kwa muda mrefu hadi ikaweza kutunza maji katika nyufa zake na katika changarawe inayoifunika. Visima vilichorongwa huko wakati wa ukoloni, na katikati ya miaka ya 1950 watumishi wakaanza kupima maji yamesimama kina gani. Walishusha kipimo, wakasoma, wakaandika. Uhuru ukaja. Mwaka 1973 TANU ikaamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, mahitaji ya maji yakapanda, na vipimo vikaendelea kuandikwa. Kazi ya namna hii haimpi mtu sifa. Anayepima leo hajui nani atasoma, wala lini. Mimi nawaheshimu watumishi hao kuliko ninavyoweza kueleza hapa, kwa sababu kumbukumbu ya maji ikikatika miaka kumi, hakuna programu duniani inayoweza kuirudisha.

Mtu anayeanza leo kujifunza, ameketi mbele ya QGIS na mafaili ya vipimo kama hivyo, hukutana na historia kabla hajakutana na hesabu. Kwanza huandaa jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kisima: jina, mahali kilipo, mwinuko wa mdomo wake, kina, tarehe ya kipimo. Jedwali la pili hubeba matabaka. Tuseme mita 0 hadi 4 ni udongo mwekundu wa kichanga, 4 hadi 19 mfinyanzi, 19 hadi 60 graniti iliyooza, na chini yake graniti ngumu. Jina la kisima ndilo linalounganisha majedwali mawili. Ikiwa fundi mmoja aliandika kwa herufi kubwa na mwingine kwa ndogo, kisima kimoja kitageuka viwili.

Kisha kuna suala la mahali. Ramani za zamani za Tanganyika zilijengwa juu ya mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, lakini vifaa vya GPS vya siku hizi hutumia WGS 84. Namba zilezile zikisomwa katika mfumo usio wake, kisima huhama karibu mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Umbali huo unatosha kukitoa bondeni na kukipandisha mlimani. Dodoma ina mtego wa ziada: mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za mfumo wa UTM, unapita upande wa mashariki, si mbali na mji. Fomu iliyosahau kutaja kanda inaweza kukirusha kisima zaidi ya kilomita 600.

Linalofuata ni maji yenyewe. Wapimaji huandika maji yako mita ngapi kutoka mdomo wa kisima, na hivyo ndivyo inavyopasa wakiwa kazini. Lakini ukizichukua namba hizo moja kwa moja na kuzichorea ramani, utakuwa umechora vilima na mabonde. Ili kujua maji yanaelekea wapi, lazima utoe kina hicho kutoka mwinuko wa mdomo juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mwinuko uliosomwa kwa GPS ya mkononi unapoleta hasara, kwa kuwa unaweza kukosea mita kadhaa, na mteremko halisi wa maji katika bonde tambarare unaweza kuwa mdogo kuliko kosa hilo. Tarehe nayo ina uzito wake. Kipimo cha Machi na cha Oktoba haviwekwi katika ramani moja kana kwamba ni vya siku moja, wala kisima kilichopimwa pampu ikinguruma hakilinganishwi na kilichopumzishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 Wizara ya Maji ya Tanzania iliorodhesha vituo vya maji vya vijijini, vikiwemo visima virefu, visima vifupi na chemchemi. Sehemu ya orodha hiyo ilitolewa kwa umma kupitia mfumo huria wa Taarifa, na faili lake moja lenye vituo 59,400 limekuwa zoezi la wanafunzi wa takwimu duniani kote. Katika faili hilo asilimia 54 ya vituo vilikuwa vikifanya kazi, asilimia 38 vilikuwa vimekufa, vilivyobaki vilihitaji matengenezo. Ukilifungua katika QGIS, zaidi ya vituo 1,800 vinaonekana baharini, katika Ghuba ya Guinea, mahali ikweta inapokutana na longitudo sifuri. Pale ambapo vipimo vya mahali vilikosekana, sifuri ilijaza nafasi. Mwanafunzi aliye mbali huvifuta na kuendelea. Sisi hatuwezi kuvifuta kwa wepesi huo, kwani kila nukta iliyotupwa baharini ni watu wanaochota maji mahali fulani, na katika ramani ya nchi yao hawapo.

Mwaka 2013 jarida la Nature Climate Change lilichapisha utafiti uliotokana na vipimo vya Makutupora. Uliongozwa na Richard Taylor wa University College London, akiwa pamoja na wataalamu wa maji wa Tanzania, akiwemo Lister Kongola. Walikuwa na kumbukumbu ya miaka 55, muda mrefu ambao ni adimu katika nchi kavu za tropiki. Mstari wa maji ulionyesha kushuka taratibu mwaka baada ya mwaka, kisha kupanda kwa ghafla, kisha kushuka tena. Mvua za kawaida hazikuacha mengi chini. Maji ya akiba yalirudishwa na misimu michache ya mvua kubwa isiyo ya kawaida, inayohusiana na El Niño na mabadiliko ya joto la Bahari ya Hindi. Msimu wa 1997/98, ambao Watanzania wengi wanaukumbuka kwa madaraja na barabara zilizosombwa, uliijaza hazina ya Dodoma kwa kiasi kikubwa sana. Mtu mwenye kumbukumbu ya miaka mitano tu angeweza kuapa kwamba kisima kinakauka moja kwa moja, au kwamba hakitakauka kamwe, kutegemea ni mitano ipi.

Bado lilibaki swali la mahali: maji hayo yanaingilia wapi? Watafiti, miongoni mwao Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine, walifuatilia visima vilivyo karibu na mkondo wa msimu wa Kinyasungwe Ndogo pamoja na vilivyo mbali nao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba sehemu kubwa ya ujazo hupitia kwenye mchanga wa mikondo ya aina hiyo, wakati maji yanapotiririka juu yake. Kwa mwenye jedwali la visima lililosafishwa, wazo hilo linapimika popote penye mito ya msimu, kuanzia Singida hadi Kitui. Ongeza tabaka la mito, iagize QGIS ipime umbali wa kila kisima hadi mkondo ulio karibu, kisha linganisha umbali huo na mita ambazo maji yalipanda baada ya msimu wa mvua kubwa.