Zohali Si Uranus, Jamani

Wengi wetu tuliosoma Kenya tulikariri orodha hii ya sayari: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Ati Sarateni ndiyo Saturn, Zohali ndiyo Uranus, na Utaridi ni Pluto. Mimi nasema itupwe, na ushahidi uko hapo juu angani.

Kabla ya darubini kuwepo, watu walizijua sayari tano tu, zile zinazong'aa wazi machoni. Waarabu walikuwa na majina yake, na majina hayo yakafika pwani yetu pamoja na elimu ya falaki: Utaridi (ndiyo Mercury), Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ambayo ni Saturn. Uranus iligunduliwa na William Herschel huko Bath, Uingereza, mwaka 1781. Neptune ikafuata 1846, Pluto 1930. Sasa niambie, Utaridi lilikuwa jina la nani karne zote hizo? Na Sarateni maana yake ni kaa, Kausi ni upinde. Hayo ni majina ya buruji, zile nyota za watabiri, wala si sayari.

Mtoto akitoka nje jioni na orodha hiyo kichwani, ataambiwa Zohali haionekani bila darubini. Kumbe iko pale, ya manjano hafifu, imetulia, wala haimetimeti kama nyota. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya sayari, kutometameta. Zuhura haikupi shida: jua likizama, ile taa kali ya magharibi ndiyo yenyewe. Lakini haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, kwa hivyo saa sita usiku huku kwetu huwezi kuiona. Ukiona king'aacho cheupe kilichotulia juu ya kichwa saa hiyo, hiyo ni Mshtarii. Mirihi ina wekundu wa kaa la moto. Utaridi nayo hujificha chini kabisa, karibu na jua. Ukiwa Nairobi katikati ya magorofa, sahau.

Na Zebaki? Hiyo ni ile metali ya majimaji ya kwenye kipimajoto. Kwa Kiingereza metali na sayari zina jina moja, na nadhani mtu alifungua kamusi akachukua maana ya kwanza aliyoiona.