Ryukyu, Ufalme Baina ya Dola Mbili

Kusini mwa Kyushu, ambako ardhi kubwa ya Japani inakomea, bahari imepandwa visiwa vinavyofuatana kama upinde hadi karibu na Taiwan, hata mtu aliyesimama Yonaguni, kisiwa cha mwisho upande wa magharibi, siku ya anga safi huweza kuiona milima ya Taiwan kwa macho yake, ilhali Tokyo iko mbali naye kwa zaidi ya maili elfu moja. Visiwa hivyo ndivyo Ryukyu, na kikubwa chao ni Okinawa, kilichoupa mkoa wa leo jina lake. Wengi huvihesabu kuwa ni pembe tu ya Japani. Walakini kwa muda wa miaka 450 vilikuwa na mfalme wake, mabalozi wake na jahazi zake.

Katika karne ya 14 kisiwa cha Okinawa kilikuwa kimegawanyika baina ya watawala watatu, na mmoja wao, Satto wa Chuzan, ndiye aliyetangulia kupeleka hidaya kwa Mfalme Mkuu wa China wa ukoo wa Ming mnamo mwaka 1372. Mwaka 1429 Sho Hashi akaziunganisha himaya zote tatu, akakaa Shuri, juu ya vilima vinavyoitazama bandari ya Naha. Nchi yenyewe ilikuwa na rutuba haba, tena yenye kupigwa na tufani kila mwaka. Riziki yake ilikuwa baharini. Ming walikuwa wamewakataza raia zao kusafiri ng'ambo kwa tijara, na kwa hivyo yeyote aliyeruhusiwa kuingia bandari za China kwa jina la hidaya alijipatia nafasi ambayo wenye nchi wenyewe walinyimwa. Watu wa Ryukyu walipeleka farasi na kiberiti cha kuchimbwa, wakachukua hariri na vyombo vya kaure, wakavisafirisha hadi Siam, Java na Malacca, wakarejea na pilipili manga na miti ya kutilia nguo rangi. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa jinsi pepo za msimu zilivyowapeleka na kuwarudisha. Huko Kumemura, mtaa wa Naha, walikaa Wachina waliotoka Fujian pamoja na vizazi vyao, ndio waliokuwa makatibu, wakalimani na manahodha wa ufalme.

Wareno, ambao mwaka 1505 walikuwa wameivamia Kilwa na kuichoma Mombasa, waliiteka Malacca mwaka 1511, na mmoja wao, mfamasia Tomé Pires, aliandika habari za wafanyabiashara hao wa Ryukyu, akiwasifu kwa ukweli wao na kueleza kwamba hawakubali kumwuza mtu wao kwa mali yoyote. Sifa hiyo, ikitoka kwa mtu wa taifa lile, ina uzito wake.

Uhuru huo uliingiwa na dosari mwaka 1609, pale ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma katika Kyushu, walipotuma askari kama elfu tatu, baadhi yao wenye bunduki, wakamchukua mfalme Sho Nei mateka hadi Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na wasimrudishe ila baada ya kuapa utiifu. Visiwa vya Amami wakavitwaa kabisa. Kiti cha Shuri, hata hivyo, hawakukivunja, wala haikuwa kwa huruma: mlango wa China ulikuwa wazi kwa mfalme wa Ryukyu, si kwao, na mlango huo waliutaka. Ndipo ilipoanza ile sitara ya ajabu iliyodumu zaidi ya karne mbili. Wajumbe wa China walipokuja kumvika mfalme mpya taji, nao walikuwa wakikaa miezi kadhaa wakingoja upepo, maofisa wa Satsuma walijitenga mbali na macho yao, na kila chenye kunuka Ujapani kikafichwa. Na wajumbe wa Ryukyu walipokwenda Edo walilazimishwa kuvaa kigeni, ili watu wa huko waone kwamba bwana wa Satsuma anatawala hata wafalme wa ng'ambo. Sidhani kwamba Wachina hawakujua. Huenda kutojua kulikuwa ni adabu. Katika kuwakirimu wajumbe hao wa China, mwaka 1719, Tamagusuku Chokun aliwaonyesha kumiodori, tamthilia ya nyimbo na ngoma aliyoitunga yeye, nayo huchezwa hata leo.

Gharama ya adabu hiyo waliilipa wanyonge. Visiwa vya Miyako na Yaeyama vilitozwa kodi ya kichwa, wanaume wakilipa nafaka na wanawake nguo za kufuma, nayo haikufutwa hata mwaka 1903, juu ya kuwa bahari iliyofurika baada ya tetemeko la 1771 ilikuwa imewaua huko watu wapatao 12,000.

Mwaka 1879 serikali ya Japani ya enzi ya Meiji ilimwondoa mfalme Sho Tai katika ngome ya Shuri, ikaufanya ufalme kuwa mkoa, na skulini mtoto aliyesema lugha ya kwao akatundikwa kibao shingoni. Kisha vikaja vita vya Japani na Wamarekani. Jeshi la Japani lilichimba makao yake chini ya ngome hiyohiyo, na kati ya Aprili na Juni 1945 inakisiwa kwamba robo ya wakazi waliangamia.

Wamarekani waliitawala Okinawa hadi Mei 1972, na waliporejesha utawala hawakurejesha viwanja vya kijeshi: asilimia 70 hivi ya ardhi waliyotengewa peke yao katika Japani yote imo humo, katika mkoa usiofikia hata sehemu moja ya mia ya nchi. Uwanja wa ndege wa Futenma, uliozungukwa na nyumba za mji wa Ginowan, mwaka 1996 iliahidiwa kwamba utarudishwa, ila kwa sharti la kujengwa mwingine, na baadaye mahali palipochaguliwa ni Henoko, kaskazini mwa kisiwa hichohicho. Katika kura ya maoni ya 2019 zaidi ya asilimia 70 ya waliopiga kura waliukataa ujenzi huo, nao ukaendelea.