Kikaango cha Tabora: Chapati za Maji na Njia ya Msafara

Juni 1871, mwandishi wa habari Henry Morton Stanley aliingia Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora mjini, baada ya safari ya miezi mitatu kutoka Bagamoyo. Alikuwa akimtafuta mmisionari na mpelelezi David Livingstone. Waarabu wa Tabora walimpelekea chakula cha kumkaribisha, naye katika kitabu chake akaorodhesha kila kilichoingia mlangoni: sinia la wali, bakuli la mchuzi wa kuku, dazeni ya mikate mikubwa ya ngano, sahani ya vitafunio vya unga vilivyotoka kukaangwa, mapapai, makomamanga na malimau. Nyuma yake wakaja ng'ombe, kondoo, mbuzi, kuku na mayai.

Wengi huipita orodha hiyo mbiombio ili wafike Ujiji, Stanley alikokutana na Livingstone. Mtu wa jikoni hawezi kuipita hivyo. Unga wa ngano, mayai, mafuta ya kukaangia na mikono iliyojua kuvitumia, vyote vilikuwa vimekwisha kukutana Tabora miaka 41 kabla ya garimoshi la kwanza kufika. Chapati za maji tunazomimina leo katika mitaa ya Tabora, Isevya, Gongoni na Ng'ambo, zina ukoo mrefu, na ukoo huo umepita katika njia ile ile ya pembe za ndovu, ya shanga na ya watumwa.

Katikati ya karne ya 19 mji huu, ambao wasafiri wa wakati huo waliuita Kazeh, ulikuwa njia panda ya bara. Njia kutoka Bagamoyo ilipanda milima ya Usagara, ikakata nyika kavu ya Ugogo, ikaingia Unyanyembe, nchi inayouzunguka mji huu. Hapo iligawanyika: tawi moja likaenda magharibi hadi Ujiji, jingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi ndio walioibeba biashara hiyo, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 na zaidi begani. Wapelelezi Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh Novemba 1857, walikuwa wametumia siku 134 njiani.

Siku 134 ni nyingi mno kwa gunia la unga. Mpagazi naye hula, na unga unaobebwa miezi minne huliwa na safari yenyewe, au huharibiwa na mvua na wadudu. Kilichofaa kubebwa kutoka pwani ni kile chenye thamani kubwa katika uzito mdogo: sukari, chai, kahawa, viungo. Ngano ilibidi ioteshwe hapa hapa, na walowezi wa Kiarabu waliipanda katika vishamba kando ya matembe yao, pamoja na vitunguu na miti ya matunda. Mpunga ulistawi mabondeni, kwenye mbuga zinazoshika maji ya masika. Kwa hiyo Tabora ikawa na vitu viwili ambavyo mapishi mengi ya kumimina huvitegemea: unga laini wa ngano na mchele.

Walioishi hapa walitoka mbali, na kila mmoja alikuja na mazoea ya kwao. Mwenyeji wa Burton, Snay bin Amir, alikuwa Mwarabu wa Oman ambaye kabla ya kutajirika kwa biashara ya pembe na watumwa aliwahi kuwa mpishi wa vitu vitamu kule Maskati. Aliuawa katika vita kati ya Waarabu na mtemi Mnywa Sele, mwanzoni mwa miaka ya 1860. Jirani yake alikuwa Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi. Pwani yote ya Bahari ya Hindi ina ndugu wa chapati ya maji: lahoh ya Yemen, canjeero ya Wasomali, dosa ya kusini mwa India, na chila ya mchele na tui inayopikwa Mombasa na Zanzibar. Wote ni rojo linalomiminwa juu ya chuma au kigae cha moto. Watu wa bahari hiyo walipokutana Unyanyembe, hakuna aliyehitaji kufundishwa kumimina.

Nazi ndiyo haikuwapo. Mnazi haustawi Tabora, na bila nazi hakuna tui. Hapa ndipo jiko la bara lilipoacha kuiga na kuanza kuunda chakula chake. Wafugaji wa Unyanyembe walikuwa na maziwa na samli. Kutoka Ujiji, kwenye michikichi ya Ziwa Tanganyika, yalikuja mawese mekundu. Mashamba ya Wanyamwezi yalitoa ufuta na karanga. Kitumbua ambacho pwani kilikorogwa kwa tui, Tabora kingeweza kukorogwa kwa maziwa, na chapati ikageuzwa juu ya samli. Kisha kuna asali. Miombo inayouzunguka mji ni makao ya nyuki tangu kale, na Wanyamwezi walikuwa mabingwa wa kutundika mizinga ya magome na ya magogo muda mrefu kabla ya msafara wa kwanza kupita. Sukari ilitembea kilomita mia nane kuja Tabora. Asali ilishuka kutoka mtini. Si ajabu kwamba hadi leo Tabora ina chuo cha mafunzo ya ufugaji nyuki, na kwamba asali ndiyo zawadi ambayo msafiri hutarajiwa kutoka nayo.

Nani alishika upawa? Vitabu vya wasafiri vimejaa majina ya wanaume wenye bunduki, lakini jikoni walikuwamo wanawake, na wengi wao hawakuwa huru. Walitekwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na kwingineko, wakaletwa kwenye matembe kusaga, kutwanga na kupika. Wengine waliingia kwa ndoa: Muhammad bin Juma, baba yake mfanyabiashara wa pembe na watumwa Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Katika nyumba kama hiyo ngano ya Mwarabu na mtama wa Mnyamwezi vilikaa ghala moja, na mwenye funguo za ghala ndiye aliyeamua nini kichanganywe na nini.

Mmoja wa wapishi hao tunamjua kwa jina. Halima alimpikia Livingstone njiani, Ujiji, na kisha Kwihara mwaka 1872, Livingstone alipokuwa akisubiri watu na vifaa kutoka pwani. Aligombana na wenzake akatoroka, akarudi, na Livingstone akaandika katika shajara yake kwamba alikuwa mpishi mwangalifu, hodari na asiyeiba, na kwamba angemwachia huru na kumnunulia nyumba na shamba Zanzibar. Livingstone alifariki mwaka 1873 bila kuitimiza ahadi hiyo. Mtu akiniuliza historia ya mapishi ya Tabora ianze na nani, nitasema ianze na Halima.

Reli iligeuza mambo. Njia ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tawi la Mwanza lilikamilika mwaka 1928. Safari ya miezi ikawa safari ya siku. Magunia ya unga wa ngano uliosagwa kiwandani yakaanza kushushwa stesheni pamoja na sukari, na vishamba vya ngano vya matembeni vikakosa kazi. Vita vya kwanza vya dunia viliivuruga biashara hiyo, na majeshi ya Ubelgiji yakauteka mji Septemba 1916; baadaye biashara ikarejea. Chakula kilichokuwa cha sebule za matajiri kikaingia nyumba za kawaida, kwa kuwa chapati za maji hazidai mengi: bakuli, upawa, kikaango kimoja na jiko la mkaa. Hazihitaji kukandwa wala kusukumwa. Unga kidogo hulisha wengi.

Unga huo huo uliwahi kutoweka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta duniani, sukari, mafuta ya kupikia na unga wa ngano viliadimika nchi nzima. Familia zilizokuwa na mashamba zilirudi kwenye muhogo, mtama na karanga. Ni funzo la kukumbuka leo pia, kwa sababu sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Tanzania hutoka nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilionyesha jinsi bei ya unga dukani inavyoweza kuyumbishwa na jambo lililotokea mbali.

Basi tupike, kwa kuwa historia hii inakamilika jikoni. Chapati ya maji ya kawaida huanza na vikombe viwili vya unga wa ngano, mayai mawili, chumvi kidogo, vijiko vitatu vya sukari au asali, hiliki iliyotwangwa, na vikombe viwili na nusu vya maziwa au maji. Mimina maji kidogo kidogo huku ukikoroga, ili madonge yavunjike wakati rojo bado ni zito. Liache nusu saa: unga hunywa maji, mapovu hutulia, na chapati hutoka laini bila kuchanika. Kikaango kiwe cha moto, samli iwe ya kupaka tu. Mimina upawa mmoja, zungusha kikaango mara moja, na usigeuze mpaka uso ukauke na kingo zijiachie zenyewe.

Ukitaka ya chumvi, acha sukari, tia kitunguu maji, karoti iliyokwaruzwa, pilipili hoho na kotimiri. Ukitaka ya mtama, kumbuka kwamba mtama hauna unato wa ngano. Changanya nusu kwa nusu, ongeza yai moja, na chapati zako ziwe ndogo. Kitumbua chataka subira zaidi: mchele hulowekwa usiku kucha, husagwa na maziwa au tui, hutiwa hamira, sukari na hiliki, kisha huachwa uumuke kabla ya kumiminwa kwenye chuma chenye vishimo. Mkate wa kumimina hutumia rojo kama hilo, ila huiva kwenye sufuria kwa moto wa chini na wa juu, makaa yakipangwa juu ya mfuniko. Na asali ya miombo ifuate juu ya kila kimoja, iwe ya kutosha.

Tembe la Kwihara sasa ni makumbusho, na mgeni huenda pale kwa ajili ya Livingstone. Napendekeza chumba kimoja kiwekwe jiwe la kusagia, kinu, chungu cha samli na kikaango, pamoja na jina la Halima na la Karunde ukutani. Na kila nyumba ya Tabora yenye bibi anayejua kumimina bila kupima imwombe apime mara moja, kipimo kiandikwe. Wapagazi waliijenga njia kwa mabega yao na wanahistoria wameanza kuwapa haki yao. Waliowalisha wapagazi, wafanyabiashara na wageni katika njia hiyo bado wanadai yao.