Nyonga ya Chuma

Kila uendapo, msomaji, nyonga zako huchukua uzito wako, wala huhisi kitu. Lakini nyonga ikiharibika, kila hatua huwa adhabu. Katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, daktari John Charnley alijitahidi kuwaondolea watu adhabu hiyo. Alikikata kichwa cha mfupa wa paja, akaweka badala yake kirungu cha chuma kisichoshika kutu, na shina lake akaliimarisha ndani ya mfupa kwa saruji ya jamii itumiwayo na waganga wa meno.

Saruji ilishika vema. Kikombe kilichopokea kirungu, ambacho kilikuwa cha Teflon, ndicho kilicholika upesi. Wagonjwa waliokwisha kutembea kwa furaha walirudi na maumivu, ikambidi awapasue tena. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Novemba 1962 alianza kutumia kikombe cha polithilini, kilichostahimili msuguano zaidi. Aliwaomba wagonjwa wakubali nyonga hizo zichunguzwe baada ya kufa kwao.

Charnley alifariki mwaka 1982. Baadhi ya nyonga hizo zilidumu zaidi ya miaka 30. Ujue basi kwamba sifa ya siku moja ni nyepesi; shahidi wa kazi njema ni miaka.