Kudekode, kuflashi, kuruti: ujue kwanza, kiisha umupe fundi simu yako

Kwenye meza za mafundi wa simu, ikuwe soko la Kadutu kule Bukavu, ikuwe Virunga kule Goma, neno « kudekode » linatumika kwa kila kitu. Simu inakataa kadi SIM ya Airtel: wanadekode. Mtu amesahau mchoro wa kufungua kioo: wanadekode. Simu inaomba Gmail ya mwenyewe wa kwanza: wanadekode tena. Kumbe ni kazi mbalimbali, kila moja na programu yake, na hatari yake si moja. Yule asiyejua tofauti ndiye anatoa makuta mara mbili, ao anarudi nyumbani na simu iliyokufa.

Tuanze na ile ya zamani. Simu nyingi za okazyo zinazofika kwetu zilinunuliwa kwanza huko Marekani ao Ulaya kwa mkataba na kampuni ya réseau, na kampuni ikaifunga ili isipokee SIM ya mwengine. Dawa yake ni kode inayotokana na namba ya IMEI, ile unaiona ukipiga *#06#. Kwa modemu za zamani za Huawei, programu ndogo ilitosha kupiga hesabu ya kode hiyo kutoka kwa IMEI. Lakini ukiingiza kode mbaya mara 10, modemu haikubali kode tena. Kwa iPhone hakuna kode ya kuandika: kampuni iliyoifunga ndiyo inaiomba Apple iifungue. Kale kachipu kembamba wanakokaweka chini ya SIM, wanakokaita R-SIM, hakafungui kitu. Kanadanganya simu tu, na siku ukifanya mise à jour réseau inaweza kupotea.

Kufuli ya akaunti ni jambo lingine kabisa. Apple iliiweka mwaka 2013 na iOS 7, Google ikaiweka mwaka 2015 na Android 5.1. Kazi yake ni kumzuia mwizi: hata akiformati simu, itamuomba akaunti ya mwenyewe. Kwa hiyo fundi anayekuuliza « simu hii uliinunua wapi, karatasi iko? » hakutukani, anafanya kazi vizuri. Kwa iPhone, njia ya kweli ni mwenyewe wa kwanza aiondoe kwenye akaunti yake, ao Apple ipewe risiti ya kununua. Wanaouzisha « kufuta iCloud » kwenye mtandao, wengi wanakula makuta na kunyamaza.

Ndiyo maana, ukinunua simu iliyotumika, usikubali iliyoformatiwa tayari nyumbani kwa muuzaji bila wewe kuona. Aifungue mbele yako, aondoe akaunti yake, kiisha aiformati kupitia « Paramètres ». Wewe subiri mpaka uingie na Gmail yako. Dakika kumi tu.

Sasa kuflashi. Ni kuandika upya mfumo mzima wa simu kwa kompyuta. Samsung inatumia Odin, na Tecno, Infinix na Itel zenye chipu ya MediaTek zinatumia SP Flash Tool. Hapa ndipo simu nyingi zinaharibika, na mara nyingi si kosa la programu. Kwanza, faili lazima liwe la modeli ile ile kabisa, siyo « inafanana ». Pili, ndani ya SP Flash Tool kuna chaguo linaloitwa « Format All + Download ». Fundi mwenye haraka analibonyeza, na linafuta hata sehemu inayoitwa NVRAM, mahali IMEI na vipimo vya antena vinakaa. Simu inawaka vizuri, kioo kinang'aa, lakini réseau hakuna, na *#06# inaonyesha namba mbaya ao haionyeshi kitu. Chaguo la kawaida ni « Download Only », na fundi wa kweli anatunza kwanza kopi ya NVRAM. Kama imeshafutika, IMEI inayorudishwa ni ile ile ya kwenye katoni ao ya chini ya batri. Kuweka namba ya simu ingine ni kazi ya wezi, na nchi nyingi zinaiadhibu. Uingereza ilikuwa na sheria juu ya jambo hilo tangu 2002. Hapa kwetu tulijifunza uzito wa IMEI wakati wa RAM, ile iliyoanza 2020 na kutukata dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G na 4G, mpaka ikaondolewa 2022: walikuwa wanahesabu IMEI.

Tatu ni umeme. Kuflashi kwa kompyuta isiyo na batri, katika mtaa ambamo umeme unakatika bila kuaga, ni kucheza kamari na simu ya mwengine.

Kuruti ni hatua ya mbali zaidi. Ni kupata ruhusa ya kugusa kila kitu ndani ya Android: kufuta programu za kampuni zinazokula memori, kutunza kopi kamili, kuondoa virusi vilivyojificha ndani ya mfumo. Virusi vya xHelper, kwa mfano, vilijulikana sababu kuformati kwa kawaida hakukuviondoa; ilibidi kuflashi. Zamani, kwenye Android 4 na 5, watu walitumia KingRoot ao Kingo Root, unabonyeza mara moja basi. Zilipitia matundu ya usalama ambayo Android za sasa zimeziba, kwa hiyo ukiona leo APK inayoahidi « root kwa simu zote », iache. Inayotumika sasa na watu wanaojua ni Magisk, ya John Wu. Ni ya bure na kode yake iko wazi kwa kila mtu kuisoma. Ichukuliwe kwenye ukurasa wake wa GitHub tu, siyo kwenye kundi la WhatsApp.

Kabla ya Magisk, lazima kufungua bootloader. Unaenda « À propos du téléphone », unagusa « Numéro de build » mara 7, kiisha ndani ya « Options pour les développeurs » unawasha « Déverrouillage OEM ». Ukifungua bootloader, kila kitu kinafutika: picha, mesaji, vyote. Xiaomi inakungojesha, mara nyingi masaa 168. Huawei iliacha kutoa kode tangu 2018. Samsung za Marekani, zile modeli yao inaishia na U, hazikupi hata chaguo lile. Na Samsung ikishawekewa mfumo usio wake, alama ya Knox inachomeka ndani ya chipu na hairudi tena, hata ukirudisha mfumo wa kwanza.

Kwa maoni yetu, mtu anayetunza makuta yake kwenye simu hana sababu ya kuiruti. Programu nyingi za benki zinakataa simu iliyorutiwa, na programu mbaya ikipewa ruhusa ya root inaweza kusoma kila unachoandika. Fanya kwenye simu ya pili, ya kujifunza.

Kuna pia upande wa fundi mwenyewe. UnlockTool inalipiwa abonema, na boksi za kudekode zina bei. Kwa hiyo wengine wanatafuta toleo lililovunjwa, lile linalokuomba uzime antivirus kwanza. Kompyuta hiyo ndiyo inaunganishwa na simu yako.

Siku unapeleka simu, toa SIM na kadi memori ubaki nazo mfukoni. Piga picha ya *#06# kwa simu ya mwengine. Tunza namba zako nje. PIN ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money usimpe fundi; hakuna kazi ya kuflashi inayoiomba. Ikirudi, piga tena *#06# mbele yake na ulinganishe namba kabla ya kulipa.